Papa Prospère na Mama Godelieve Wawili

Papa Prospère, aliyekuwa mume wangu, anajulikana Kalemie kwa suti yake ya kijivu na kwa jinsi anavyopenda kuitwa baba. Kwenye ubatizo yeye ni baba. Siku ya kupokea mahari yeye ni baba mara mbili. Lakini hospitalini, daktari akiuliza nani mwenye mgonjwa, Prospère hujibu kwamba yeye ni jirani tu, amesindikiza.

Nilimzalia binti mmoja. Akampa jina la mama yake mwenyewe, Godelieve, nami tangu siku hiyo nikawa Mama Godelieve. Sikusoma, sina cheo, sina nyumba. Jina hilo ndilo mali pekee niliyotoka nayo kwake, maana binti alipoolewa Kabalo, Prospère alimleta Syntiche, msichana wa kucheka ovyo, akaniambia nikapumzike kwa dada yangu. Ninapumzika huko mpaka leo, nikiuza mawese.

Syntiche naye akazaa binti. Prospère akampa jina gani? Godelieve.

"Jina hilo liko na mwenyewe," nilimwambia.

"Mama yangu alinibeba miezi tisa," akajibu. "Godelieve mumoja hatoshi kumushukuru."

Ndipo sokoni, ambako Syntiche naye aliuza nyanya, tukawa Mama Godelieve wawili. Mtu akiita, tunageuka wote, halafu tunatukanana mpaka mteja anaenda kununua kwa mwingine. Mimi nilisema Syntiche amevaa jina la kuazima. Yeye akasema mimi ni Mama Godelieve wa zamani, kama noti za Zaïre. Watu walicheka. Mimi sikucheka, na sijamsamehe.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, mjumbe wa shefu wa mtaa alipita sokoni akipaza sauti.

"Mama Godelieve anaitwa shuleni! Mutoto hafiki darasani. Asipokuja, atajieleza mbele ya jaji!"

Niligeuka kwa mazoea. Syntiche hakugeuka. Siku hiyo aliinamia nyanya zake kama mtu anayesali.

Mjumbe akanishika mkono. "Si wewe njo Mama Godelieve?"

"Njo mimi. Lakini Godelieve wangu ana watoto wanne."

"Na bado yuko darasa la tatu?" Akatikisa kichwa. "Mama, huyo mutoto ni mugumu kweli."

Soko lote likalipuka kwa kicheko. Wauzaji wakamnyooshea Syntiche kidole, na yeye akatolewa kwenye nyanya zake. Tukapelekwa shuleni wote wawili.

Prospère tulimkuta ofisini, ameketi katika suti. Alikuwa ameitwa kama baba, akadhani anapewa kiti katika kamati ya wazazi. Godelieve mdogo alisimama mlangoni, magamba ya ndakala, samaki wadogo wa ziwa, yamemganda miguuni.

Mkuu wa shule, Papa Toussaint, hakuzungusha maneno.

"Mutoto huyu anashinda ufukoni, anafukuza kunguru kwenye ndakala ambazo baba yake anaanika. Shule ya msingi ni bure, na sheria inataka wazazi walete watoto. Wasipowaleta, wao njo watajibu. Mama yake ni nani?"

Jina tuliloligombania miaka yote likalala mezani kama samaki aliyeoza, hakuna mtu wa kulinusa.

Prospère akakohoa. "Papa Direkta, mama mukubwa njo huyu." Akaninyooshea kidole. "Kwa desturi, watoto wote ni wa muke wa kwanza. Sheria imushike yeye."

"Na wewe?"

"Mimi ni baba tu."

Ningesema si mimi, ningerudi salama kwenye mawese yangu. Lakini ningesema hivyo mbele ya Syntiche, na kesho yake soko lote lingejua Mama Godelieve wa kweli ni nani. Afadhali jaji.

"Njo mimi," nikasema. "Na kwa sababu njo mimi, mutoto analala kwangu kuanzia leo, na shule nitamupeleka mimi. Ndakala utazichunga mwenyewe, Papa Prospère, na suti yako."

Syntiche akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Tumbo lilikuwa lako? Mama yake njo mimi! Andika mimi, Papa Direkta!"

"Andika mimi!"

"Huyu bibi kizee hajui hata kusoma mulango wa darasa!"

"Na wewe unayejua kusoma, mutoto wako amesomea kunguru!"

Papa Toussaint akapiga meza. "Basi! Naandika wote wawili. Mwenye mama wawili hawezi kukosa muntu wa kumuleta. Na wewe, Papa Prospère, kila Jumatatu utakuja kuniambia kwa kinywa chako kwamba mutoto amefika. Ukikosa, wewe njo wa kwanza mbele ya jaji."

"Direkta, naweza kutuma muntu?"

"Hapana."

Jumatatu tulitembea watatu, mtoto katikati, Syntiche upande wa ziwa, mimi upande wa barabara. Hatukusalimiana. Mwalimu akauliza mlangoni nani kati yetu ni Mama Godelieve. Tulijibu pamoja, kwa hasira, tukaanza ugomvi upya tangu ubatizo. Mtoto akachomoa mikono yake, akatuacha hapo, akaingia darasani.