Isale Kwenye Gati la Zamani

Baba yangu hapendi safari. Akishuka Moshi mjini, hurudi Kibosho akilalamikia joto wiki nzima. Kwa hiyo aliposema nimpeleke Tanga, nikajua kuna jambo. Alibeba mfuko mmoja tu: shati, dawa za presha, na jani la isale alilolifunga kwenye gazeti bichi.

Kwetu Uchagani masale hupandwa mpakani, kutenganisha kihamba na kihamba, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa. Jani lake ndilo la kuombea radhi. Ukimkosea mtu unampelekea, na akilipokea amekusamehe. Kulikataa waziwazi ni jambo zito mno, ndiyo maana mwenye kinyongo hukwepa hata kuliona. Baba alikuwa analipeleka kwa mdogo wake, aliyeondoka nyumbani kabla sijazaliwa akaenda kuwa kuli bandarini. Waligombania kihamba. Baba alisogeza mpaka, na hakuwa na haki.

Baba mdogo alitupokea stendi kwa kicheko. "Shikamoo kaka!" Mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa mifuko ya machungwa. Nilidhani ni ukarimu.

"Kwanza muuone mji," akasema. Basi tukazungushwa: bustani ya ufukweni, mnara wa saa, Raskazone wanakoogelea watu, majumba ya Kijerumani yaliyoota mimea ukutani. Hata mapango ya Amboni alitaka twende, baba akasema magoti yake hayana habari na mapango. Kila baba alipogusa mfuko wake, mdogo wake alikuwa ameshika kitu: madafu mawili, mwavuli, hata kikapu cha mama mmoja asiyemjua. Nilianza kuchemka. Nilitaka kumwuliza, mzee mzima unacheza kombolela?

Alasiri tukafika gati la zamani. Mlinzi alimfahamu, akatupisha. Mbao zimeoza, reli za vigari vya mizigo zimeliwa na kutu, winchi moja imebaki imesimama haina kamba. Hapo baba mdogo akaacha kucheka.

"Meli kubwa zilikaa kule mbali," akasema. "Sisi tulipakia matishari, nayo yakazipelekea mzigo. Kahawa ya Moshi nimeibeba kwa mgongo huu. Kila gunia nilijiuliza, labda hili limetoka kwenye kile kipande changu."

Baba akafungua gazeti. Jani lilikuwa limesinyaa. Akalinyoosha kwa mikono miwili, mkubwa mbele ya mdogo wake. Nilimwonea huruma, nikaona aibu kwa hasira zangu.

Baba mdogo akaweka mikono nyuma. "Umelichuma wapi?"

"Mpakani."

"Mpaka upi, kaka?"

"Ule wa marehemu baba. Jumatatu niling'oa masale yote, nikayarudisha pale alipoyapanda yeye."

Sikuwa na habari. Wiki ile nilikuwa Himo kikazi. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa mila zetu kihamba kitabaki kwangu, na juu ya kipande kile nimejenga banda la ng'ombe wangu wawili, la tofali, na maji ya zege niliyachota kwa ndoo mwenyewe.

Baba mdogo hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

"Na huyu amekubali?"

Baba akainamisha kichwa. Nasema kweli, nilikasirika. Safari nzima, saa zote zile kwenye basi, mzee hakuniambia neno. Kisha nikautazama mgongo wa baba mdogo, uliopinda upande mmoja, bega la kulia likiwa chini ya la kushoto. Magunia yale yalikuwa ya kwetu.

"Nimekubali, baba mdogo," nikasema.

Akaitoa mikono nyuma, akalipokea isale. Akalishika muda mrefu, akilikunjua kwa kidole. Baba alikuwa analia wala hajifichi.

"Kuna mgomba niliupanda karibu na mfereji," baba mdogo akaniambia. "Bado upo?"

Hapo ndipo lilipo banda langu. Nikamwambia haupo, aje mwezi ujao tupande mwingine palepale.