Maji ya Njano ya Jirani

Tulipohama kutoka Riverside, kule Buffalo, kuja Louisville, wa kwanza kutubishia hodi alikuwa jirani yetu Mhabeshi. Alikuwa ameishi Nairobi miaka mingi, na Kiswahili chake kilikimbia kuliko changu. Mchana alipakia masanduku kwenye ghala moja hapa South End. Jioni alipika injera, mkate wao mpana na laini wenye vitundu ambavyo wao huviita macho.

Alitaka kitu kimoja: kuacha ghala. Mwenye duka la vyakula mtaani kwetu alikubali kuijaribu injera yake Jumamosi. Akiipenda, angechukua kila wiki.

"Nikimkosa huyu," aliniambia, "nitabeba masanduku mpaka mgongo ukatae."

Mimi nilimtengenezea lebo. Sikusomea kazi hiyo, nilijifunza kwenye video. Niliichapisha upya mara nyingi kwa sababu herufi moja niliiona imeinama. Hakuna mwingine aliyeiona. Ndivyo nilivyo: nisipopata cha kuogopa, nakitafuta.

Safari hii sikuhitaji kutafuta. Ndoo yake ya mabaki ya uji wa unga ilikuwa jikoni kwetu, kwa kuwa nyumba yake ina baridi, nayo mabaki hutaka joto ili yachachuke. Juu ya mabaki hayo husimama maji ya njano, makali, ndiyo hamira yake. Huyatunza kutoka upishi mmoja hadi mwingine. Mama yangu alirudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee, akasikia harufu. Kwetu Kivu, mihogo ikilowekwa, maji yake humwagwa. Akayamwaga.

Jirani aliingia na mfuko wa unga, akaikuta ndoo imepinduliwa, inang'aa.

"Mama, maji yangu yako wapi?"

"Nimemwanga, dada. Ilikuwa inanuka. Bon, nikakuoshea na ndoo."

Jirani akakaa kwenye kiti. "Umeiosha vizuri," alisema. Kisha: "Mama, umemwaga dada yangu."

Maji yale alipewa na dada yake anayeishi Columbus, siku alipofika Marekani. Angeweza kuanza upya kwa unga na maji matupu, lakini injera ya namna hiyo hutoka nzito, na Jumamosi ilikuwa karibu. Ilibidi aende Columbus kumwomba dada yake mengine.

Mama yangu alishika kichwa. "Ngojeni basi, baba akitoka kazini atawapeleka."

"Akitoka atakuwa amechoka. Naenda mwenyewe."

Leseni yake ilikuwa mpya na hakuwa ameendesha barabara kuu hata siku moja. Nilienda naye kusoma ramani. Nilishika kiti kwa mikono miwili.

"Anti, lori."

"Naliona."

"Anti, lingine."

"Wewe ni redio ya malori? Niambie njia tu."

Dada yake alitufungulia mlango chupa ikiwa mkononi, akasema jambo kwa lugha yao huku akicheka. Jirani akanitafsiria: "Anasema alidhani siwezi kuendesha hata baiskeli." Kisha wakakumbatiana, kwa muda mrefu kiasi kwamba niliona heri nitazame viatu vyangu. Tuliporudi niliipakata chupa njia nzima, nikikagua kifuniko kila tulipopunguza mwendo.

Jumamosi, mwenye duka alichana kipande, akakiinua kwenye mwanga, akatazama yale macho ya injera. Mimi nilitazama lebo; moja ilikuwa imebandikwa upande. Nilinyoosha mkono niirekebishe, jirani akaurudisha chini bila kunitazama. Mwenye duka alitafuna polepole.

"Wiki ijayo ulete tena," alisema. "Uongeze."

Ghala aliliacha baadaye, baridi kali ilipoanza. Siku hizi chupa moja ya maji ya njano hukaa kwenye friji yetu, ya akiba, na mlinzi wake ni mama yangu. Nikifungua friji kuchukua maziwa, sauti yake hunifuata kutoka sebuleni:

"Hujaigusa?"