Chumba cha Watoto cha Tetu

Siku yangu ya kwanza katika maktaba ya Nyeri nilikabidhiwa kitambaa cha kupanguza vumbi. Mkutubi mkuu wa wakati huo, mtu mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka, aliniambia nipanguze rafu zote huku nikisoma namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu, maana kitabu kilichorudishwa mahali pasipo pake ni sawa na kilichoibwa. Nilipanguza mpaka nikazijua.

Baadaye nilihamishiwa Wang'uru. Huko nilijifunza kupanga saa za kufungua kwa kufuata mpunga. Wakati wa kuvuna, wasomaji huja jioni au hawaji kabisa. Niliporudi Nyeri nilikuwa mkutubi mkuu, na kwa cheo hicho nikawa katibu wa bodi ya maktaba. Katibu huandika yanayosemwa kikaoni. Hapigi kura.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Wairimu, mwalimu mkuu mstaafu. Nyinyi mnaoingia kazini sasa hamkumwona akifanya kazi, na ni hasara yenu. Paa likivuja alipiga simu, na kabla ya wiki kwisha fundi alikuwa juu. Rafu, viti, umeme, yote yalikuja hivyo. Wanabodi wengine walifika ili akidi itimie, yaani idadi ya wajumbe inayohalalisha kikao, wakanywa chai, wakaitikia, wakaenda zao. Nani angembishia mtu anayeleta?

Tawi letu la Tetu lilikuwa chumba kimoja. Watoto walisomea kwenye ngazi za nje, na mvua ikija walirudi nyumbani. Mwalimu akamwendea jirani wa tawi hilo, Mzee Gitonga, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, naye akakubali kutoa kona ya shamba lake tujenge chumba cha watoto. Habari hiyo alinipa tukiwa tunatoka kikaoni, wengine wameshaondoka. Nikamwuliza kama angeileta mbele ya bodi, iingie kwenye mpango wa miaka ijayo, na wakili aandike mkataba.

"Macharia," akasema, "huyo mzee tulibatizwa pamoja. Nikimletea wakili ataona simwamini. Wewe ngoja tu, niko na mambo yote hapa." Akagusa kichwa chake.

Msimu wa mvua uliofuata alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi. Kabla hajapata nafuu, Mzee Gitonga akafariki. Katika kikao cha kwanza bila Mwalimu nilieleza habari ya ile kona, wajumbe wakatazamana. Mmoja akauliza ni jirani yupi huyo. Tulikwenda kwa wana wa marehemu, wakatupokea kwa heshima na maziwa ya moto, wakasema baba yao hakuwaambia kitu. Shamba lilikuwa limegawanywa, na aliyerithi upande ule alikuwa ameshauuza. Sikuona kuwa walitudanganya. Leo pale pana duka la vifaa vya ujenzi.

Usemi ulimrudia Mwalimu polepole, kwa miaka. Wiki niliyostaafu nilikwenda kwake kumuaga, na hapo ndipo nilipomsimulia yote, kwa sababu mpaka siku hiyo watu wake walitaka asisumbuliwe. Nilidhani angewalaumu wale vijana wa Gitonga. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake mzima ukishika ule uliolala.

"Bodi nzima ilikuwa hapo," akasema, akitafuta kila neno. "Mbona hakuna mtu aliniuliza?"

Mimi nilikuwa nimemwuliza, mara moja, mlangoni, kisha nikaliacha. Sikumwambia hivyo.

Siku hizi nikialikwa kuzungumza na bodi mpya, Nanyuki au Karatina, wao hutaka niwafundishe kuandika mpango mkakati. Mimi huanza kwa kuwauliza ni mambo gani mwenyekiti wao anayajua ambayo wao hawayajui. Huwa wanamtazama mwenyekiti, anatabasamu, nao wanatabasamu, kisha wanaomba tuendelee na ajenda.