Santuri za Panki za Duka la Jirani

Mwezi uliopita nilirudi Tabora kwa kazi yangu ileile ya kununua santuri kuukuu, na nakwambia kweli, rafiki yangu, kazi hii imenichosha. Sisi wakusanyaji huitwa baada ya msiba. Watoto wanataka nyumba ibaki tupu, na wewe unapiga magoti mbele ya kabati la marehemu unaanza kupekua. Safari hii marehemu alikuwa mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la redio jirani na kwetu. Aliyenipigia simu ni binti yake, ambaye utotoni nilicheza naye rede.

Duka lile ndilo lililonifundisha kusikiliza. Jumamosi asubuhi, nikitoka kuchota maji, nilikuwa natua ndoo mlangoni pake na kujifanya nimechoka. Ndani kulinuka udi na vumbi la redio zilizopata moto. Mzee alipiga rumba, taarabu, nyimbo za sinema za Kihindi, na mtaa mzima ulifanya kazi kwa mdundo wake. Fundi cherehani alikanyaga mashine yake, wanawake walipepeta mpunga, na bibi yangu barazani alinadi karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa juani.

Lakini zilikuwapo santuri chache ambazo mzee alizipiga kwa nadra. Mwanawe mkubwa alikwenda Uingereza kusoma, akaingia kwenye bendi ya panki, ule muziki wa vijana wa Kizungu wa magitaa makali na makelele, akawa anatuma nyumbani walichorekodi. Sisi watoto tuliuita muziki wa mabati, maana ulisikika kama mvua ya mawe juu ya paa. Ukianza tu, bibi alinituma kwa mzee: amwambie huyo mtoto ale kwanza ndipo aimbe. Mzee alicheka, akaitoa santuri. Aliziweka rafuni ziuzwe, hakuna aliyezitaka. Baadaye ikaja habari kwamba yule kijana amefia hukohuko ugenini, na hatukuzisikia tena.

Nilipokua nikaanza kukusanya, nilifuata rumba na taarabu. Panki sikuitazama kabisa.

Sasa nilizikuta rafu ya chini. Kila kitu dukani kilikuwa na vumbi isipokuwa zile. Binti akaniambia baba yake alikuwa akizifuta mwenyewe mpaka alipozidiwa. Nilikuwa na mashine yangu ndogo ya kujaribia, nikaweka moja, nikitegemea kelele zilezile. Kelele zilikuwapo. Ila kwa umri huu nilisikia kitu kingine: kijana mchovu, aliye mbali na kwao, anapaza sauti asije akalia.

Nikageuza upande wa pili. Katikati ya wimbo wa mwisho magitaa yalikatika ghafla, na sauti ya kijana ikabaki peke yake, ikivuta polepole: "Matobolwaaa, laini, laini." Kisha ngoma zikarudi.

Binti alikaa juu ya kreti la soda. "Huyo ni kaka," alisema, "lakini anayemwiga hapo ni bibi yako. Alikuwa anaita hivyohivyo."

Bibi tulimzika Itetemia, nje kidogo ya mji, zamani sana. Nikamuuliza kama baba yake aliwahi kuisikiliza santuri ile mpaka pale.

"Sijui," alisema. "Labda akiwa peke yake. Mbele yetu alikuwa anaitoa mapema."

Nilimweleza wazi kwamba siku hizi watu wa nje wanazitafuta santuri za namna hii na wako tayari kuzigombea. Alinisikiliza, akaomba nimrudishie wimbo ule mwanzo. Tuliusikiliza mpaka jua likaingia mlangoni. Nje bodaboda zilipita, vijana walipita na simu zao, na baraza la bibi sasa ni ukuta wa kibanda cha kutolea pesa.

Nilichukua rumba na taarabu. Zile za panki nilimwachia, pamoja na mashine yangu, kwa kuwa ya baba yake ilikuwa imeharibika. Sasa nyumbani nina maboksi ya santuri ambayo sijayafungua, na sina haraka ya kutafuta mashine nyingine. Mtaa ule uliokuwa ukiamka na sauti ya bibi umekwisha. Watu wawili tu tuliobaki tunajua yule kijana alikuwa anaita kwa sauti ya nani.