Kiti Kilichosogezwa Mbele

Breki zikipata moto kupita kiasi hutoa harufu isiyofanana na nyingine yoyote, kama nywele zilizoungua zikachanganyika na chuma. Wiki iliyopita niliinusa nikiteremka kutoka Rubaga, nyuma ya lori lililobeba mchanga. Nilifunga dirisha, lakini nilikuwa nimechelewa. Nilikuwa tayari nimerudi kwenye umri wa miaka kumi, nimekaa juu ya tairi kuukuu katika gereji ya baba yangu Nateete, nikimchunguza baba yangu mwenyewe kama askari kanzu.

Nawaambia ninyi kwa sababu nyumbani jambo hili halitajwi mezani.

Tuliishi nyuma ya gereji, watu watano: Baba, Mama, mimi, Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, yeye mama yake Baba, na Shangazi Saadia, dada mdogo wa Baba. Shangazi alikuwa ameolewa miaka saba, kisha akarudi na sanduku moja na hakueleza kitu. Alipata kazi ya kuendesha gari la mikate, akisambaza madukani Bwaise, na mvua ikinyesha alipita katika maji ambayo wanaume waliyatazama kwanza huku wamesimama. Mimi sikulitilia maanani hilo. Kwangu alikuwa mtu wa kuleta mikate iliyobonyea.

Shaka yangu ilianzia kwenye bondi, ile yadi ya magari yaliyotumika kutoka Japani. Baba alinichukua Jumamosi moja, akasema anakwenda kutazama gari la michezo. Yalikuwapo mawili. Moja jekundu, linang'aa, lina bawa nyuma, na mwenye yadi alilisifu mpaka mate yakamkauka. La pili lilikuwa jeupe lililoanza kugeuka rangi ya maziwa, la milango miwili, dogo, la kuhurumiwa. Nilitaka jekundu. Baba aligonga mlango wake kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena karibu na gurudumu, akasikiliza. Kisha akasogea pembeni, akapiga simu.

"Ile nyekundu imegongwa, wameficha na rangi," alisema. Halafu akashusha sauti. "Hapana, chukua nyeupe. Ni nyepesi, gia ya mkono, inasukuma na tairi za nyuma. Wewe utaipenda."

Wewe utaipenda. Mama hakujua kuendesha hata baiskeli.

Haboba alikuwa na msemo wake: mwanamume akiosha gari mara mbili kwa siku moja, uliza anampakia nani. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi bila kuufikiria. Gari jeupe lilipofika gereji, Baba aliliosha mara mbili kabla ya adhuhuri.

Kisha akaanza kulibadilisha. Nilidhani atagusa injini kwanza, kwa sababu vijana wote walioleta magari yao walitaka kelele na mbio. Yeye alianza na breki. "Kwanza isimame, halafu ndiyo ikimbie," alimwambia kijana mmoja aliyemcheka. Akafunga breki mpya, akapanda na kushuka kilima mara nyingi ili zikae sawa, na hapo ndipo harufu ile iliponiingia puani ikakaa. Akabadilisha springi na shokapu. Kuhusu urefu wa gari aliwaza siku tatu: likiwa chini sana litakwama kwenye matuta na mashimo ya barabara yetu, likiwa juu sana litalala vibaya kwenye kona za uwanja wa mashindano. "Hii gari itafanya kazi Jumatatu na icheze Jumapili," alisema, akaliacha katikati.

Siku iliyofuata aling'oa kiti cha nyuma.

Nilisimama nikitazama kiti hicho kilivyotupwa ukutani. Kiti cha nyuma ndipo watoto wanapokaa. Mtu anayeng'oa kiti cha nyuma anawapeleka wapi watoto wake? Akang'oa redio, zulia na mashine ya ubaridi. "Uzito," alisema, ingawa sikuwa nimeuliza. Mahali pake akachomelea fremu ya mabomba ya chuma ya kumkinga dereva gari likipinduka, akafunga kiti chembamba cha dereva chenye mikanda ya mabega. Kiti hicho alikisogeza mbele, mbele kabisa. Baba yangu ni mrefu. Shati la duka lolote humwishia juu ya vifundo vya mikono. Nilingoja alipokwenda kuswali alasiri, nikaingia na kukaa. Vidole vyangu vya miguu vilikaribia klachi.

Chini ya kiti nikagusa kitu laini. Viatu vya kike, vyeusi, bapa, soli nyembamba kama kitambaa. Namba thelathini na saba. Mama alivaa arobaini.

Nilimpelekea Mama habari hiyo jikoni, viatu mkononi, kama anayetangaza msiba. Mama alitoka katika ukoo wa zamani wa wafanyabiashara wa pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Ndiye aliyenikataza kusema "hii gari". Alikuwa akimenya matoke. Alinisikiliza mpaka mwisho: simu, kiti, viatu. Kisu hakikusimama.

"Macho yako ni makali, mwanangu," alisema. "Sasa mdomo wako uwe mzito. Virudishe pale ulipovitoa."

Nilimwonea huruma. Nilidhani ni mmoja wa wale wanawake wanaodanganywa mchana kweupe, na kwamba ni juu yangu kuiokoa nyumba. Sikuvirudisha. Nilivifunga kwenye gazeti nikampelekea Haboba mkekani pake.

Haboba alivigeuza polepole. Akatazama soli, akanusa ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa kisigino. Nilingoja hasira. Badala yake uso wake ulikauka kama mtu aliyesomewa barua ya msiba.

"Nilinunua mimi," alisema. "Idi iliyopita. Ya Saadia."

Sikuelewa. Yeye alielewa yote mara moja. Alijifunga shuka, akashika fimbo, akavuka ua mpaka gereji, nami nyuma yake nikiomba ardhi inimeze. Baba alikuwa amepiga magoti karibu na gurudumu. Ndani ya gari, kwenye kiti kile chembamba, mikanda imembana mabega, alikuwa Shangazi Saadia, akijaribu kufikia gia.

"Hii viatu ni ya nani?" Haboba aliuliza, ingawa alijua.

Baba alisimama, akafuta mikono. Shangazi alifungua mikanda taratibu, mmoja baada ya mwingine.

"Ni yangu, Mama. Na gari ni yangu. Kaka ananisaidia."

"Kesho wageni wanakuja kukuangalia. Watu wa heshima. Nitawaambia binti yangu iko wapi?"

"Waambie niko kwenye mashindano."

"Wewe ni mtoto wa mtu, Saadia."

"Mara ya kwanza ulinichagulia wewe, Mama, na nikakaa miaka saba," Shangazi alisema. Sauti yake haikupanda. "Hii nimechagua mwenyewe. Nilipiga hesabu ya breki zake, ya tairi zake, ya kila kitu. Hakuna aliyenisukuma."

Haboba alimtazama Baba, akingoja amkemee dada yake. Baba aliinama akaendelea kukaza nati. Basi bibi yangu akageuka, akaondoka na viatu chini ya kwapa.

Jumapili Shangazi aliendesha miguu mitupu. Haboba alibaki na wageni wake na sinia la sambusa. Sisi watatu tulikwenda uwanjani nje ya mji, Mama akiwa ameketi mbele ndani ya pikapu ya gereji kama anayekwenda harusini. Madereva waliingia uwanjani mmoja mmoja wakipimwa muda. Gari jeupe lilitoka bila kelele nyingi. Kwenye kona ya pili mkia wake uliteleza pembeni, vumbi likalifunika, nikafumba macho. Nilipoyafumbua lilikuwa limenyooka, linakwenda. Hakushinda. Alikuwa wa tisa kati ya kumi na wanne, na alipovua kofia ngumu alikuwa akicheka na nyayo zake nyekundu kwa joto la pedali. Sikuwahi kumwona Shangazi akicheka mpaka meno ya nyuma.

Lakini nyumba yetu haikurudi kama zamani. Haboba aliacha kumsemesha binti yake, na kabla mwezi haujaisha Shangazi alipanga chumba Luzira, akaondoka na lile sanduku lake moja. Tangu hapo gari jeupe likaegeshwa kwingine. Mikate iliyobonyea ikakoma. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana nilikuwa nimejiandalia majibu.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichofanya. Kila nilichokiona kilikuwa kweli: simu, kiti, viatu, hata siri yenyewe. Ila kichwani mwangu mwanamke ndani ya gari la mwanamume angeweza kuwa abiria tu, na mimi nikajaza nafasi iliyobaki kwa maneno ya watu wazima. Haikunijia kamwe kwamba anaweza kulitaka gari.

Mwaka jana, Mama na mimi tukichambua mchele, nilipata ujasiri wa kumwuliza yeye aliijuaje siri ya Shangazi, na tangu lini. Nilitarajia aniambie kuhusu harufu fulani, au unywele, au simu aliyoisikia kupitia ukutani.

Mama alipuliza makapi, akanitazama kana kwamba nimeuliza jua hutokea wapi.

"Nilimwuliza baba yako," alisema. "Akaniambia."