Kiangazi Nilichojifunza Kudeka

Harufu ya nyumba ya masokwe hukufikia puani kabla hujafungua mlango wa pili. Ni harufu ya nyasi kavu zilizolowa, ya kwapa la mtu aliyebeba mizigo kutwa, na kwa mbali ya kitunguu kilichokatwa kikasahauliwa. Watoto waliokuja na wazazi wao walikuwa wakiingia huku wameziba pua kwa kola za fulana. Mimi sikuziba. Nilikuwa na miaka tisa, mama yangu alikuwa amezikwa Maryland majira ya baridi yaliyotangulia, na harufu ile, ingawa si nzuri, ilikuwa ya kwanza tangu msiba kunifanya nihisi kwamba nimeingia mahali wanapoishi watu wa nyumba moja. Nyumba nyingine zote nilizolala mwaka ule zilinukia sabuni ya zulia na pilau ya wageni, na ndani ya zote mgeni nilikuwa mimi.

Baba yangu alifia Kigoma kabla sijajua kumwita. Mama akanileta Marekani, akafanya kazi ya kuhudumia wazee, akaugua, akafa. Baada ya arobaini Watanzania wa huku walikubaliana kwamba mimi ni mtoto wa wote. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba mtoto wa wote hupewa chakula na kila mtu, na hapewi kitanda na yeyote. Nililala Rockville kwa familia moja, kisha kwa nyingine, begi langu likiwa limeegemea ukuta karibu na mlango. Asubuhi moja nilisukuma bakuli la uji nikasema sitaki wenye iliki. Mama mwenye nyumba, mtu mwema kabisa, akanirudishia bakuli taratibu akasema, "Kunywa, baba. Yatima hadeki." Hakunigombeza. Alikuwa ananifundisha njia ya kupita duniani, kama mtu anavyomfundisha mwingine kuvuka barabara. Niliunywa ule uji wote, nikaona aibu kwa kuwa na ulimi unaochagua.

Shule zilipofungwa kwa kiangazi, mdogo wake mama akanichukua. Mama mdogo Asha alikuwa amepanga besmenti ya nyumba ya watu huko Gaithersburg, chumba kimoja cha chini ya ardhi chenye pazia katikati, na alikuwa akisafisha fleti za watu mjini Washington, karibu na bustani ya wanyama. Kambi za watoto za kulipia hakuziweza. Bustani ile haikuwa na kiingilio. Basi asubuhi tulipanda treni pamoja, akanifikisha getini, akanipa chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha, akaniambia maneno ambayo kila mtoto wa Kigoma aliyewahi kupelekwa sokoni ameambiwa: "Ukipotea, kaa palepale ulipopotea. Watu watakuona." Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa la kwetu. Kule alikokulia, mtoto aliyeachwa mahali penye watu amekabidhiwa macho ya watu wote. Hakujua kwamba hapa macho ya watu hayakabidhiwi mtoto, na kwamba mtu mmoja akipiga simu tu, yeye mama mdogo angeweza kuulizwa mambo mazito na polisi.

Aliyejua ni Bi Loreta. Huyu alikuwa mama mtu mzima, Mmarekani mweusi, aliyejitolea kuwaeleza wageni habari za masokwe. Alinisikia nikijisemea kwa Kiswahili mbele ya kioo cha masokwe, akaja akasimama kando yangu.

"Hujambo, kijana? Jina lako nani?"

Nilishtuka kama niliyesikia mti ukisema. Alikuwa amejifunza Kiswahili ujanani, katika darasa la jioni, enzi ambazo watu wengi wa mji wake walikuwa wakitafuta lugha ya kujivunia, na alikizungumza polepole, neno baada ya neno, kisafi kuliko sisi tulivyokizungumza nyumbani. Akaniuliza mama yangu yuko wapi. Nikamwambia amefariki, na kwamba mama mdogo yuko fleti za jirani, anasafisha. Akatazama kushoto na kulia.

"Basi utakaa karibu nami," akasema. "Mtu akiuliza, wewe ni mjukuu wangu. Na mimi nikikosea ngeli, wewe utanyamaza."

Ndiye aliyenieleza habari za yule mdogo. Kulikuwa na gorila mchanga aliyeletwa kutoka mji mwingine baada ya mamaye kufa. Walezi wa kibinadamu walimbeba kwanza wao wenyewe, wamevaa vizibao vyenye manyoya ili ajifunze kung'ang'ania, kisha wakamwingiza kidogo kidogo kwa gorila jike mzee ambaye hakuwahi kuzaa. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na yule bibi alilea kana kwamba kazi yenyewe ilikuwa imemsubiri. Mimi nilimwita Bi Mkubwa. Yule mchanga nilimwita mdogo wangu. Alimvuta masikio Bi Mkubwa, akamlalia usoni, akachomoa figili iliyokwisha kutafunwa kinywani mwake akaila yeye. Bi Mkubwa akitaka kupumzika, anaparamiwa. Akiamka kwenda kunywa maji, mtoto yupo mgongoni, amejilaza kifudifudi kama shuka lililoanikwa. Nilikaa nikitazama hayo hadi chapati zikapoa na kukakamaa. Alikuwa yatima kama mimi, naye anadeka mchana kweupe, mbele ya umati, na hakuna aliyemrudishia bakuli.

Bi Loreta alinifundisha adabu zao. Usiwakodolee macho, huo ni ugomvi. Kaa upande. Usionyeshe meno hata kama unacheka. Ukitaka kusema kwamba huna neno nao, toa mkoromo wa chini kooni, mfupi, kama mzee aliyeshiba anayesafisha koo. Nilifanya mazoezi hadi koo likaniuma. Siku moja Bi Mkubwa alikuja akaketi, akauegemeza mgongo wake mpana kwenye kioo, mtoto akiwa mapajani. Nami upande wangu nikaegemeza wangu palepale. Kioo kilikuwa kinene, hakipitishi joto, nalijua hilo sasa. Siku ile nilihisi joto. Nikatoa mkoromo. Kisha kutoka upande wa pili, mzito, ukipita kwenye mbavu zangu, mkoromo ukarudi.

"Amekujibu," Bi Loreta akasema kwa sauti ndogo, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Nilifumba macho nikakoroma tena, na tena, na sikuona kwamba nyuma yetu watu wamekusanyika na simu zao. Mmoja wao alikuwa Mtanzania aliyeleta wageni wake kutembea. Kabla hatujateremka kwenye treni jioni ile, video ilikuwa imekwisha fika kwenye kundi la simu la Watanzania wote wa huku: mtoto wa marehemu Mariamu, macho yamefumbwa, mdomo umeachama, anakoroma mgongo kwa mgongo na sokwe, na watu tusiowajua wanacheka.

Mama mdogo aliitazama amesimama, viatu vya kazi bado miguuni.

"Unajua watu wa nchi hii walikuwa wanatuita nini?" akaniuliza. "Unajua? Na wewe umekwenda kujiweka hapo mwenyewe, wakupige picha!" Halafu akakaa kitandani akalia. "Watasema nakulaza na wanyama. Watakuchukua."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kulikuwa na jambo la kuchukuliwa. Baba mkubwa Rajabu, kaka yake baba yangu, alikuwa na kazi nzuri kwenye majengo ya kompyuta karibu na uwanja wa ndege, na nyumba kubwa huko Sterling. Kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Alikuwa ameniacha kwa wanawake kwa heshima ya msiba, na sasa video ilikuwa imemtia aibu kazini na msikitini. Akaitisha kikao cha familia, Jumapili, mle mle ndani ya besmenti.

Mtoto haitwi kwenye kikao kinachomhusu. Nilikaa nyuma ya pazia na watoto wa baba mkubwa, Farida na Nasri, ambao Kiswahili walikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Siku ile Nasri aliamua kujitahidi kwa ajili yangu.

"Fanya ile, sokwe," alininong'oneza, simu mkononi. "Ile ya mkoromo. Plizi."

Upande wa pili sauti ya baba mkubwa ilikuwa ya upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Shemeji, mapenzi yako sina shaka nayo. Lakini wewe mwenyewe unaishi chini ya sakafu ya watu. Kwangu ana chumba, ana ndugu, ana shule. Au nimekosea?"

"Hujakosea," mama mdogo akasema.

"Sasa?"

Nikasikia vikombe. Nikachungulia nikamwona ameinama kuweka sinia la chai mbele ya wazee, mgongo wake umenielekea, na sikuwaza. Nilitoka nyuma ya pazia, nikamparamia. Mtoto wa miaka tisa, miguu mirefu, soksi zenye tundu. Nilimkaba mabegani nikaficha uso shingoni mwake, na chai ikamwagika kwenye sinia.

Nilidhani atanisukuma. Alijiinua taratibu, akanipandisha kwa mtikiso mmoja wa kiuno, kama mama anayemweka sawa mtoto mchanga, akavuta kanga iliyokuwa kwenye kiti, akaizungusha, akanifunga. Mbeleko. Miguu yangu ilining'inia karibu na magoti yake. Kisha akaendelea kumimina chai. Akampa baba mkubwa kikombe chake, akamuuliza sukari. Baba mkubwa alikipokea kwa mikono miwili akatazama zulia. Mzee Seif, aliyekuwa akiongoza kikao, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Rajabu," akasema, "mimi sijawahi kuona mtu akiombwa amshushe mtoto aliyekwisha kubebwa. Wewe umewahi?"

Baba mkubwa akatikisa kichwa. Ilibaki kidogo sana niachwe kwa mama mdogo. Mimi mwenyewe, pale juu, nilisikia kwamba imebaki kidogo.

Ndipo pazia likatikisika, na nyuma yake Nasri akakoroma. Alipatia kabisa. Farida akaangua kicheko, na mgeni mmoja karibu na mlango, mtu mzima, akashindwa kujizuia naye akacheka. Nilijiona kama walivyoniona: jitu zima la miaka tisa ndani ya kanga.

"Nishushe," nilimwambia sikioni.

Akajifanya hasikii. Akamwekea Mzee Seif sukari.

"Mama mdogo, nishushe. Wananicheka."

Akanifungua. Nilipokanyaga sakafu Mzee Seif alifanya jambo lisilofanywa, akaniuliza mimi mwenyewe: "Mwanangu, unataka kukaa wapi?" Mama mdogo alikuwa ameshika kanga kwa mikono yote miwili. Wote walinitazama. Nikasema, "Popote."

"Basi," baba mkubwa akasema, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote. "Mtoto mwenyewe hana neno."

Niliondoka naye jioni ileile. Chumba nilipewa, na kitanda, na baba mkubwa hakuwahi kuninyanyasa. Nitakuwa mwongo nikisema vingine. Lakini nilikula kila nilichopewa na sikupanda mgongo wa mtu. Bustanini sikuruhusiwa kurudi. Shule niliiacha kabla ya kumaliza, na tangu hapo nimepakia mizigo, nimeosha vyombo, nimeendesha malori ya watu katika majimbo ambayo majina yake mama asingeweza kuyatamka. Kila mji wenye maktaba nimesoma kila kitu walichonacho kuhusu masokwe. Sijapata kitabu kinachotaja gorila mchanga aliyeshuka mgongoni kwa sababu wengine walimcheka. Nilimtafuta mdogo wangu pia. Alihamishiwa bustani ya mji mwingine, amekuwa dume mpana mwenye mgongo wa fedha, na watoto wake mwenyewe humparamia.

Siku hizi kwenye sherehe za Watanzania huku naona watoto wa miaka kumi, kumi na mmoja, wamelala miguuni mwa mama zao wakichezea simu, nyayo zao zikiwa usoni mwa wageni, na hakuna anayewaambia kitu. Wakubwa wenzangu hulalamika kwamba watoto wa sasa wanadekezwa. Mimi huenda kutafuta kazi jikoni, maana naona haya kwa jinsi ninavyowatazama.

Mama mdogo bado yuko Gaithersburg, amehamia ghorofani. Nilipita kwake mwezi uliopita nikiwa na lori, nikala, na alipokuwa akiosha vyombo nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kuuliza: siku ile, kama nisingesema, angenibeba mpaka lini? Hakugeuka kutoka kwenye sinki.

"Mbeleko hufungwa fundo moja," alisema. "Mimi nilifunga mawili."