Niliegesha gari juu ya kaburi la baba mkwe, na aliyenielekeza amenyamaza

Admin, nifiche vizuri tafadhali, maana mawifi zangu wanasoma ukurasa huu kuliko mimi. Nina miaka thelathini na nne, ni Mganda, nimeolewa na mwanamume wa Sudan Kusini niliyekutana naye kwetu, familia yake ikiwa ukimbizini. Tuna watoto wawili. Wazazi wake walirudi Juba baadaye, yeye akabaki. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kufika kwao Juba, na yeye mwenyewe hakuwa amerudi tangu alipotoka akiwa kijana. Baba yake alifariki wakati barabara haipitiki kwa sababu ya vita, mazishi akayasikia kwa simu tu. Kwa hiyo likizo hii aliposema tupakie watoto kwenye gari letu twende tukamsalimie mama yake, nililia kwa furaha.

Dereva wa nyumba ni mimi. Mume wangu ana leseni, lakini akishika usukani abiria wote wanaanza kusali. Sasa ukivuka mpaka pale Nimule unahamia upande wa kulia wa barabara, na gari letu la Uganda lina usukani kulia, kwa hiyo ukitaka kulipita lori huoni chochote mbele. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto, yaani mume wangu. Akisema "pita" nilipita, akisema "bado, ngoja" nilirudi nyuma ya lori. Ndivyo tulivyoingia Juba, katikati ya magari ya maji, bodaboda na bajaji ambazo huku wanaziita raksha, zinakukatizia mbele utadhani barabara ni ya babu yao. Msafara wa wakubwa ulipopita tulikimbilia nje ya lami kama wengine. Neno lake sikulibishia hata mara moja.

Tulifika Gudele, mtaa anakoishi mama yake, mvua imetoka kunyesha, kila mahali tope. Ndugu waliokuja kutupokea walikuwa wamejaza uwanja kwa pikipiki zao, wenyewe wako ndani wanapanga viti. Mume wangu akashuka, akasimama nyuma ya gari na kuanza kuniita kwa mkono. "Kuja nyuma. Kuja, kuja. Hapa iko simiti, gari haiwezi kuzama." Kweli, kando ya ua palikuwa na sakafu ya simiti, pana, safi, pakavu kuliko kote. Nikarudisha gari taratibu mpaka akapiga bodi kwa kiganja akisema nisimame. Kisha akakimbilia mlangoni kumkumbatia mama yake, mimi nikabaki nazima injini.

Mama alikuwa amemkumbatia mwanawe huku analia. Akatazama kwa juu ya bega lake, akaliona gari. Akamwachia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Gari iko juu ya mzee."

Ile simiti ilikuwa kaburi la baba mkwe. Msalaba wake mama alikuwa ameung'oa ili upakwe rangi, mwanawe akija aukute unang'aa, na wakati huo ulikuwa umeegemezwa kwenye ukuta wa jikoni, rangi bado mbichi. Nilipoliondoa gari tulikuta simiti imepasuka pale lilipokanyaga tairi la nyuma. Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu, akauliza, "Nani aliweka gari hapa?" Wote wakanitazama mimi niliyekuwa na ufunguo mkononi. Mimi nikamtazama mume wangu, nikimsubiri aseme. Akatazama chini. Nikapiga magoti kwenye tope nikasema "malesh, mama", samahani kwa lugha yao, na tangu hapo kosa likawa langu.

Jamani, naumia. Mama mkwe hali chakula nilichopika. Mawifi hawanitaji jina, wananiita "yule dereva". Kisha mtoto wangu mdogo akashikwa na homa. Kliniki walisema ni malaria na dawa anakunywa, lakini mama anasema ni mzee amekasirika. Wazee wa ukoo wamekaa na kuamua kwamba Jumapili mbuzi atachinjwa kaburini, na aliyefanya kosa aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Baada ya hapo ataondoka hapa nyumbani mpaka ukoo utakapomwita. Watoto watabaki, kwa sababu ni wa nyumba hii. Baba mdogo akaongeza, "Mtu akidanganya pale mbele ya mzee, itarudi kwa watoto."

Mimi nimeokoka, na najiambia kila saa kwamba mambo hayo siyaamini. Lakini nikigusa paji la uso la mwanangu likiwa la moto, naamini kila kitu.

Nilimvuta mume wangu kando nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Wewe ni mgeni, watasema haukujua. Mimi ni mtoto wake. Nitasimama mbele ya watu niseme sikujua baba yangu alizikwa wapi?" Nikamkasirikia sana, nikamwambia watoto ninaoachishwa ni wake pia. Ndipo akalia, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia. Akanishika mikono akaniomba Jumapili niseme nilikuwa peke yangu. "Mama watoto, wewe uko na kwenu, utarudi. Mimi wakinifukuza hapa, nitaenda wapi?"

Nampenda, na maisha yake yote amekuwa mtu wa kuja, kule kwetu hata wapangaji wenzetu walimwita mkimbizi. Nikisema kweli namnyima kwao. Nikimfichia naondoka Juba peke yangu, mtoto wangu akiwa kitandani ana homa, na uongo niliousema juu ya kaburi nimemwachia huyo mtoto. Jumapili ni keshokutwa. Ndugu zangu mliomo humu, hasa kina mama, niambieni: wakinigeukia pale kaburini, nifungue mdomo niseme nini?